Kufuli Tatu

Kibubu cha binti yangu kilikuwa kizito. Nilikitikisa mwenyewe asubuhi ya tarehe 24 Desemba 2022, kikalia kama kinavyolia siku zote, nikamwambia alete nyundo. Alikuwa na miaka 9. Alikuwa ametandika kanga yangu kuukuu sakafuni ili sarafu zisiviringike hadi chini ya kabati, na pembeni kaweka daftari la hesabu, maana alitaka kuandika. Mwaka mzima alitumbukiza mia mbili na mia tano za chenji, akiiwazia baiskeli ya mtumba tuliyoiona Tabata Relini. Nikapiga mara mbili, ubao wa chini ukaachia, vikamwagika visoda.

Visoda vya bia na visoda vya soda, vimeoshwa na kukaushwa. Vilitosha kujaza bakuli la mboga, na katikati yake sarafu za mia mbili kama sita hivi. Nadhani ziliachwa ili mlio usibadilike sana. Misumari ya ubao wa chini ilikuwa mipya.

Binti hakulia. Aliniuliza, "Mama, hela zimegeuka?" Kaka yake alikuwa kasimama mlangoni na mswaki mdomoni. Ndiye aliyejibu, tena haraka: labda ni dada wa kazi, yule aliyeondoka mwezi wa kumi.

Nikasema, ehee, huenda.

Nilijua siyo yeye. Nilijua tangu nilipoiona ile misumari, inang'aa, ya inchi moja na nusu, sawa kabisa na ile ninayouza dukani kwangu kwa kupima. Lakini ilikuwa mkesha wa Krismasi, wifi yangu alikuwa njiani na wanawe kutoka Morogoro, na baba yao alikuwa amefika usiku wa kuamkia siku hiyo kutoka safari. Ningeanzia wapi? Nikatoa shilingi 70,000 kwenye mauzo nikampa binti, nikamwambia ndizo zake, baiskeli itanunuliwa. Alizipokea. Kwenye daftari hakuandika kitu.

Wenzangu wawili wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wameniomba niyaandike haya, kila mmoja kwa siri, bila kujua kwamba mwenzake naye ameomba. Hilo peke yake limenionyesha kuna nyumba ngapi mtaani zenye kibubu cha visoda. Kijana wangu naye ameyasoma kabla yenu. Nyumbani tunamwita Kaka kwa kuwa ndiye kifungua mimba, na jina lake halina kazi hapa. Ana miaka 19 sasa. Aliomba nitoe sehemu mbili, nimetoa moja. Kuna mahali nilikuwa nimekadiria jumla ya alichochukua, akashika kalamu akaikata. "Mama, ni zaidi."

Nina duka la rejareja hapa Tabata, na pembeni meza ya uwakala wa pesa za simu. Baba yao ni dereva wa malori ya masafa, Dar hadi Lubumbashi, na kuna miezi analala nyumbani siku nne tu. Mwaka 2022 droo yangu ilianza kupungukiwa. Leo elfu mbili, kesho kutwa elfu tano. Wenye maduka wanalijua jina la ugonjwa huu: chuma ulete. Mtu anakuja na noti yake, unampa bidhaa na chenji, noti inaondoka na wenzake. Jirani yangu wa saluni alinishauri niweke ndimu ndani ya droo. Msinicheke, niliweka. Nilikuwa nabadilisha kila wiki, hela ikazidi kupungua, na niliyekuwa namtuma gengeni kununua ndimu ni Kaka.

Ndimu ziliposhindwa nikamgeukia dada wa kazi. Msichana wa Singida, mpole, aliyekuwa anampeleka binti yangu shule kwa miguu ili abaki na nauli ya kununua vocha. Sikumshtaki kwa mdomo. Nilimwambia hali imekuwa ngumu, nikazuia mshahara wake wa mwezi wa mwisho, shilingi 60,000, "mpaka hesabu ikae sawa," nikampakia basi Mbezi. Yeye alielewa. Nilimwona kwenye kioo cha dirisha amejifuta macho kwa kiganja, akageukia upande wa pili. Nitamrudia huyu.

Namba yangu ya siri ya simu ilikuwa 2006, mwaka aliozaliwa Kaka. Sikuwahi kumtajia, wala hakuhitaji kutajiwa, maana alikuwa ananisaidia mezani tangu darasa la sita na vidole vyangu anavijua vinavyokwenda. Mimi nikilala nimelala, nimesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Simu iko chini ya mto. Anaichomoa, anatuma, anafuta meseji, anairudisha. Asubuhi naona salio tu, na salio la mtu wa biashara hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Nani anakumbuka jana yalifika wapi?

Mwezi Machi 2023 mteja wangu wa mchele alinilipa shilingi 50,000 kwa simu. Meseji ikaingia, ikafuatwa na nyingine, na nilipotazama salio nikakuta 1,340. Ile meseji ya pili ilikuwa inanijulisha kwamba sehemu ya deni langu imerejeshwa. Deni lipi? Nikaenda na kitambulisho changu kwenye duka la huduma kwa wateja, nikaomba taarifa ya miamala ya miezi mitano. Zikatoka karatasi nyingi. Sikuweza kusubiri kufika nyumbani, nilikaa kituo cha daladala nikaanza kuzisoma na kalamu mkononi.

Saa nane usiku na dakika kumi. Saa tisa kasoro. Saa nane na nusu. Elfu tatu, elfu saba, elfu kumi na tano, zote zimekwenda kwenye kubeti. Pale zangu zilipoisha, simu ilikuwa inakopa. Huduma ile ya mkopo wa simu inampa mtu kadiri inavyomjua, na mimi kwa biashara yangu ilinijua vizuri, ikawa inanipa mkopo mnono nikiwa usingizini. Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo. Lakini mfumo haukumwona mtoto. Ulimwona mama wa miaka 43, mwenye namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, anabeti kindege, ule mchezo wa kubahatisha wa kwenye simu, saa nane usiku.

Nilipofika kwenye ukurasa wa Novemba nilisimama. Tarehe 22 Novemba 2022, siku ya Jumanne, mchana, Saudi Arabia iliifunga Argentina 2–1 kwenye Kombe la Dunia kule Qatar. Nayakumbuka makelele ya kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira nyuma ya duka, nami nikashangilia kaunta, napenda mnyonge akishinda. Kumbe mwanangu alikuwa mle ndani, saa ambayo mimi nilijua yuko darasani. Alikuwa na mkeka wa timu nne, yaani amebashiri zote zishinde, ikikosea moja amekosa yote. Ecuador ilishampa, Uingereza ilishampa, Uholanzi ilishampa, amebakiwa na Argentina. Aliniambia baadaye kwamba ile ndiyo timu aliyoiweka bila hata kufikiri. Mkeka ukachanika, na ulikuwa umesukwa kwa sarafu za mdogo wake.

Sasa angalieni nilivyofanya mimi mwenye akili. Nilimsubiri usiku, nikamwekea karatasi mezani. Akalia. Nikalia. Tukapiga magoti tukasali. Akaapa. Nikamwambia haya ni yetu wawili, baba yako asijue, atakuua. Nikabadilisha namba ya siri, nikaweka 2013. Mwaka aliozaliwa mdogo wake. Ndiyo, najua.

Miezi mitatu ikapita kimya. Mwezi Juni 2023 nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake 28, tunakutana Jumapili jioni uani kwa mwenyekiti. Jumapili moja marejesho yalikuwa mazuri, na kulikuwa na mwenzetu wa kukopeshwa Jumatatu asubuhi. Nikalala na shilingi 1,260,000 za watu ndani ya simu yangu. Nilipoamka hazikuwepo, na Kaka hakuwepo.

Alirudi siku ya tatu. Hapo katikati nilikuwa nimeshafanya yangu. Nilimpigia wifi nikamwambia mama yangu mzazi amelazwa, naomba anisaidie. Mama yangu siku hiyo alikuwa shambani kwake Mkuranga anapalilia mihogo, mzima wa afya. Kiasi kilichobaki nikakichukua kwa wale tunaowaita kausha damu: laki tano taslimu, rejesho shilingi 22,000 kila siku kwa siku 30. Pigeni hesabu wenyewe. Mwenzetu wa kikoba alipata mkopo wake saa nne asubuhi, akanishukuru, akasema mimi ni mwaminifu.

Nadhani ningeweza kuendelea hivyo hadi leo. Kilichonikomesha hakikuwa dhamiri. Kaka alikuwa amepiga picha kitambulisho changu akakopa kwenye programu moja ya simu, na mkopo ulipopita siku zake, wale watu wakawatumia meseji wote waliokuwa kwenye orodha ya majina ya simu yangu, kwamba mwanamke huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Mchungaji aliipata. Mwalimu wa darasa wa binti aliipata. Muuza maji aliipata, na yeye ndiye pekee aliyenicheka, Mungu ambariki. (Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, niliisoma yote kwa kidole, jina kwa jina, kama mzazi anayesoma matokeo ya mtihani.)

Jioni ile mwenyekiti wetu wa kikoba alikuja. Ni mama mtu mzima, ana kawaida ya kuomba maji kwanza hata kama hana kiu. Akanywa, akaweka glasi, akasema, "Mwanangu, nieleze, na usinipunguzie."

Nilimweleza. Wifi, kausha damu, 2006, 2013, visoda. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilitegemea aniulize hela za watu ziko wapi. Akaniuliza, "Lile sanduku letu unalikumbuka?"

Waliowahi kuwa kwenye vikundi vya aina hii wanalijua. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mwanamke tofauti, tena siyo yule anayetunza sanduku. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima hadi kwetu. Sisi tuliliacha letu pesa za simu zilipozoeleka. Tuliona ni ushamba kubeba chuma Jumapili hadi Jumapili. Mweka hazina ana simu, hela ikae kwenye simu.

"Zile kufuli," akasema mwenyekiti, "hatukuziweka kwa sababu tulikuwa wezi. Tulikuwa tunapendana. Tuliziweka ili siku hesabu ikipungua tusitazamane. Sasa wewe tulikupa sanduku la kufuli moja, na ufunguo ukauweka chini ya mto karibu na mtoto mgonjwa. Kosa ni letu pia."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha, na alfajiri nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu mwaka mzima. Kaka hakuwahi kugusa floti, yaani mtaji wa uwakala. Meza ya uwakala nilimwachia mara ngapi, na laini yake anaijua namba ya siri, na fedha taslimu ya mezani ilikuwa nyingi kuliko droo ya duka. Haikupungua hata shilingi mia. Floti tunaihesabu kila jioni, salio la laini na noti za mezani lazima vikutane, vinaandikwa kwenye daftari, naye ndiye alikuwa mwandishi. Aliiba kwenye droo isiyo na daftari, kwenye kibubu kisichofunguliwa hadi Desemba, kwenye simu yangu binafsi ambayo hakuna anayeihesabia. Aliiba kule kote nilikokuwa namwamini kwa maneno.

Baba yao alirudi Alhamisi. Nilimwambia yote mlangoni, kabla hajavua viatu, kwa kuogopa kwamba akishakaa nitapunguza. Alitaka kupiga. Alipiga, kidogo, na mama yake, yaani mama mkwe wangu tunayeishi naye, akaingia katikati na mkongojo wake. Ndugu mmoja akashauri kijana apelekwe kituoni alale siku mbili apate adabu. Kesho yake kweli tuliondoka naye, tukafika hadi getini. Askari akatuuliza tuna shida gani. Nikatazama shingo ya mwanangu, ambayo bado ilikuwa nyembamba kama ya kuku, nikasema tumepotea njia.

Basi tukaanza kufunga.

Simu kwanza. Namba ya siri mpya isiyo mwaka wa mtu yeyote, na simu yenyewe ikaanza kulala kwa mama mkwe, ambaye usingizi ulishamkimbia tangu awamu ya pili ya Mwinyi. Nilipiga *106# nione laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, nikaikuta na ile aliyokuwa anaitumia Kaka. Nilikuwa nimemsajilia mwenyewe akiwa kidato cha kwanza, nikasahau kwamba mbele ya mtandao laini ile ni yangu mimi, na deni lake lote ni langu. Niliifunga. Akakaa bila laini hadi alipotimiza miaka 18 na kupata namba yake ya NIDA. Alinuna sana.

Mauzo ya duka nikaacha kulala nayo. Jioni yanakwenda kwa wakala wa benki ng'ambo ya barabara, kwenye akaunti ambayo haitoi bila saini yangu na ya baba yao. Kikoba nacho kikahamia kwenye akaunti ya kikundi ya simu, ile ambayo mweka hazina akianzisha muamala, hauendi hadi wenzake wawili wathibitishe kwenye simu zao. Ni sanduku lile lile, ila halibebwi kichwani. Nilijiuzulu uweka hazina, wakakataa. Fungu langu la mwaka ule tulipovunja kikoba lilikatwa lote, maana niliomba niwalipe wifi na wale kausha damu kwa mkopo wa kikundi.

Kingine ni hela ya mkononi. Tuisheni, vitabu, picha za usajili wa mtihani, vyote nilikuwa nampa yeye akalipe, na kumbe tuisheni hiyo mwalimu alikuwa hajamwona tangu Pasaka. Nikaanza kulipa mwenyewe kwa mwenyewe. Inachosha. Kuna siku nilipanda daladala mbili kwenda kulipa shilingi elfu nane.

Halafu karatasi. Tuna mkataba wa kiwanja cha Chanika wenye muhuri wa serikali ya mtaa, na kadi ya bodaboda ya baba yao. Nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia hata mume au mke kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Lakini mkopeshaji wa mtaani hajui kifungu. Anachouliza ni karatasi iko wapi, na kijana wa miaka 17 anaweza kuifikisha mezani kwake kwa mguu. Kwa ajili hiyo nilikwenda kwa fundi nikamwagiza sanduku la chuma lenye masikio matatu. Akaniuliza, "Mama, ni la kikoba?" Nikamwambia ndiyo, na kwa kweli sikuona kama nimemdanganya.

Lililokuwa gumu kuliko vyote halikuwa na kufuli. Ilinibidi niwapigie ndugu. Kaka alikuwa ameshamwambia mjomba wake kwamba niko hospitali na simu yangu imezima, atume kwenye namba hii. Mjomba alituma. Nikapiga simu moja baada ya nyingine: kaka yangu, dada zangu, wifi. Nikasema, kijana wetu ana tatizo la kubeti na anachukua hela, akiwaomba kwa jina langu msitume, nipigieni mimi kwanza. Wifi nilimwambia na lile la mama yangu kulazwa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema wa kwake wa pili anauza mitungi ya gesi ya nyumbani, mtungi huu ni wa tatu, na mumewe hajui. Tuliongea saa nzima. Tulikuwa tumeketi pamoja Krismasi ile, tunakula pilau, kila mmoja ana lake tumboni.

Nilimpigia na yule dada wa Singida. Namba yake niliipata kwa tabu. Nikamwambia nimejua ukweli, ninamtumia mshahara wake na wa mwezi mmoja juu, na ya kutolea. Akasikiliza. Akasema, "Sawa mama." Akakata. Nilitegemea nini, sijui. Alipoondoka kwangu alipita kwa watu wengine kutafuta kazi, na wote waliuliza kwa nini ametoka kwa mama wa dukani.

Msidhani nyumba yenye kufuli ni nyumba ya raha. Binti alianza kuhesabu penseli zake kila usiku. Mgeni akija nakimbilia pochi kabla ya kuitikia hodi. Desemba 2023 nilipoteza noti ya 10,000, nikamwita Kaka mbele ya bibi yake na mdogo wake, nikasema maneno ambayo ndiyo ile sehemu aliyoomba niitoe na nimeitoa. Hakubisha. Alivua shati, akageuza mifuko ya suruali nje, akasimama hivyo katikati ya sebule. Usiku nafungua kanga nilale, noti iko kwenye pindo, nimeifunga mwenyewe asubuhi.

Nilimwamsha nikamwomba radhi. Akasema, "Hamna shida, mama, hata mimi ningeniwazia." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa nimefunga kila kitu, lakini kufuli zote zilikuwa upande wangu, na yeye upande wa pili kama mwizi wa kudumu.

Nilimpelekea mwenyekiti maneno hayo. Akauliza funguo za sanduku la nyumbani ziko kwa nani. Moja kwangu, moja kwa mama mkwe, moja kwa baba yao, na akiwa Lubumbashi sanduku linamsubiri. Akasema, "Wa tatu mpe kijana."

Baba yao aliposikia alicheka kwa hasira. "Unamkabidhi fisi bucha?"

"Bucha yenye kufuli tatu," mama mkwe akamjibu kutoka kwenye kiti chake. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Ufunguo mmoja peke yake haufungui kitu. Lakini bila huo mmoja sanduku nalo halifunguki, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kidogo kidogo, siyo kwa kishindo. Kila Jumamosi jioni ilibidi awepo. Tunafungua watatu, anahesabu yeye, binti anaandika, bibi anatia kidole cha wino kwa mbwembwe kama yuko benki. Mara ya kwanza mikono yake ilitetemeka. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Januari 2024, daraja la nne, kama tulivyotegemea, na sasa anasoma umeme wa magari kwenye chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe. Kubeti hakuacha siku moja. Nilimkuta na mkeka mara mbili mwaka jana, za hela zake za kibarua, na sina uhakika kwamba hiyo ya pili ilikuwa ya mwisho. Lakini ndani ya nyumba hesabu inakutana.

Mwezi uliopita alinipigia saa sita mchana, saa ambayo huwa hapigi. "Shikamoo mama. Mama, nimepoteza ufunguo."

Mlango wa friji ya dukani ulikuwa wazi na mimi nikauacha wazi. Nilimuuliza ameupoteza wapi, lini, alikuwa na nani, na sauti yangu niliisikia, ilikuwa ya askari wa pale getini. Akasema anadhani kamba ilikatika ndani ya mwendokasi. Anakuja.

Alikuja na fundi. Fundi akaikata kufuli yake kwa msumeno, dakika tano, shilingi 3,000. Tukafungua. Mkataba upo, kadi ipo, na fedha zilikuwa 412,000 kama daftari la binti lilivyoandika Jumamosi. Kaka alihesabu. Halafu nikahesabu mimi. Halafu, Mungu anisamehe, nikahesabu tena.

Alikuwa amenunua kufuli mpya njiani kwa hela yake. Ilikuja na funguo tatu kwenye kipete kimoja. Akatoa mmoja, akaufunga kwenye kamba mpya ya kiatu, akaivaa shingoni. Zile mbili akazisukuma mbele yangu juu ya meza.

"Hizi tupa chooni, mama. Mtu asiwe na mbili."

Nilikwenda uani, nikatupa mmoja. Ule wa pili ulikaa kwenye pindo la kanga yangu siku nne. Jumapili, tulipotoka kanisani, nikaenda nikautupa na wenyewe, nikasimama pale hadi nilipousikia umegonga maji.